Aliyechuma juani, na sisi tuliokula kivulini



Juma hili hatuleti habari ya mafunzo wala ya mkutano mkuu. Tunaleta habari ya nyumba zetu wenyewe, na si habari ya kujisifu. Tumekubaliana wote iandikwe, hata yule ambaye inamgusa kuliko wengine, kwa sababu tunajua kwamba nyumba nyingi za mtaa huu zimo ndani ya habari hii bila kutajwa.

Sisi ni wamama kumi na mmoja wa likelemba moja, hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba. Kila Jumamosi saa tisa alasiri tunakaa chini ya mwembe katika lupangu ya mmoja wetu. Kila mmoja anatoa mchango wake, na mmoja anabeba. Tumefanya hivyo kwa miaka tisa. Kati yetu kumi na mmoja, saba tuna mtoto, mume au ndugu aliyevuka mpaka kutafuta kazi Zambia: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola, na mmoja yuko mbali hata Lusaka. Ukisikia simu inalia katikati ya mkutano na mwenye simu anasimama haraka kwenda pembeni, ujue ni ng'ambo.

Mwanzoni mwa 2025 binti wa mwenzetu mmoja alirudi. Alikuwa amekaa Kitwe miaka minne akisuka nywele. Alirudi na mfuko mmoja wa nguo, mashine ya kukaushia nywele ambayo waya wake umekatika, na kikwembe kimoja cha zawadi kwa mama yake. Siku ya tatu, walipomaliza kula bukari ya jioni, alimwuliza mama yake kwa sauti ya chini: "Mama, katika zile feza nilizotuma, yangu ni ipi?"

Mama yake hakuwa na jibu. Jumamosi alituletea swali lile chini ya mwembe, na sisi pia hatukuwa na jibu. Ndipo tulipofungua kaye.

Kwanza tuseme namna watoto wetu wanavyoondoka, kwa sababu hakuna anayeondoka peke yake. Kutoka hapa mpaka Kasumbalesa haifiki kilomita 100. Basi linaondoka asubuhi, na kabla ya jua kuwa kali umekwisha kuona foleni ya malori yenye kubeba shaba kwenda kusini, na mengine yanayopanda na unga, sabuni na saruji. Madereva wengi ni Watanzania na Wazambia. Kiswahili, Kibemba na Kifaransa vyote vinasikika katika foleni moja. Kule mpakani kuna wabadilishaji wa feza wanaokaa na mafurushi ya franka na kwacha, kuna wanaobeba mizigo kwa baiskeli, kuna wamama wanaouza chakula kwa madereva wanaolala barabarani siku nyingi. Mji mzima unakula kutokana na watu wanaopita. Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya mabishano ya biashara, wenzetu wa Kasumbalesa walituambia kwamba siku hizo hata maji ya mifuko yalikosa mnunuzi.

Feza ya safari ya binti yule ilitoka kwetu. Ilikuwa zamu ya mama yake kubeba likelemba, na badala ya kununua mabati alimpa mtoto. Sisi wote tulijua, na tulifurahi. Tulimwambia: "Nenda, mwanangu, utukumbuke." Neno hilo, "utukumbuke", tulilisema kama baraka. Leo tunaona lilikuwa pia kama hati ya deni.

Alivuka kwa karatasi ya kutembelea. Hapa tunaomba kila mama asikilize vizuri: karatasi ya kuvuka mpaka si karatasi ya kazi. Mwenye karatasi ya kutembelea anaweza kununua na kuuza kidogo na kurudi, lakini akishika kazi na kupanga chumba, kila askari anayeingia barabarani anamtia hofu. Na mwajiri anaijua hofu hiyo. Wa kwetu mmoja alifanya kazi ya nyumbani miezi mitano, akalipwa miwili, na alipodai mitatu iliyobaki akaambiwa: "Nenda ukashtaki." Ashtaki wapi, naye hana karatasi?

Binti wa mwenzetu alikuwa na bahati zaidi. Wasichana wa Kongo wanasifiwa kule kwa mikono yao ya kusuka, na lugha haikumsumbua, kwa sababu Kibemba alikisikia hapa hapa tangu utoto. Watu wa pande hizi mbili si wageni. Munkoyo tunayokunywa hapa wanaikunywa kule. Kikanda chetu wao wanakiita chikanda. Majani ya maboga, sisi kibwabwa, wao chibwabwa. Hata likelemba wanayo, wanaiita chilimba. Alikodi kiti katika saluni ya mama mmoja wa kule, na kila kichwa alichosuka, nusu ilikwenda kwa mwenye saluni.

Wazee wetu wanatukumbusha kwamba zamani njia hii ilikuwa inatembea kinyume. Reli ilifika hapa kutoka kusini mwaka wa 1910, mji huu ulipokuwa unaanza na ukiitwa Elisabethville. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilihitaji mikono, na wengi wa wafanyakazi wake wa miaka ya kwanza waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Unga wa kuwalisha nao ulitoka kusini kwa treni. Kambo wa mmoja wetu alizaliwa upande wa Luapula. Baba yake alikuja kufanya kazi hapa, akatuma shilingi nyumbani mpaka siku moja akaacha kutuma. Ulipofika ule mgogoro wa uchumi wa dunia ulioanza 1929, bei ya shaba ilianguka na wafanyakazi wengi walirudishwa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 migodi mikubwa ya upande wa pili, kama Nkana kule Kitwe, ilianza kutoa shaba, na watu wakageukia huko.

Kwa hiyo watu hawa wamekuwa wakivuka mstari ule zaidi ya miaka mia moja, mara kuja, mara kwenda, wakifuata mahali ambapo mshahara unalipwa. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni kubwa ya shaba ya upande wetu ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na baba wa familia alipata mshahara, unga, shule na hospitali kutoka mkono mmoja. Ilipoanguka katika miaka ya 1990, kila nyumba ilitafuta mlango wake. Leo migodi mipya iko mingi, malori ni mengi kuliko zamani, lakini kazi ya kudumu kwa msichana aliyemaliza sekondari ni kama mvua ya Julai. Ndiyo maana wanavuka.

Sasa turudi kwenye kaye.

Mama wa binti alikuwa na desturi nzuri: kila feza ilipofika aliandika tarehe na kiasi nyuma ya kaye ya shule ya mtoto wake. Tulikaa Jumamosi mbili tukijumlisha. Katika miaka minne binti alituma mara 44. Mara nyingi kwacha 900, mara nyingine 800, mara moja moja 1,000. Jumla yake ilikuwa kwacha 38,600. Kwa bei za kubadilisha za siku zile, ilikuwa zaidi kidogo ya dola 1,900.

Tukauliza zilikwenda wapi. Minervali ya wadogo zake wawili: karibu dola 620. Unga na chakula: 540. Kodi ya nyumba na mabati machache: 310. Misiba na harusi: 270. Hospitali, mama alipougua: 160. Ukijumlisha unapata dola 1,900, na kile kidogo kilichobaki hakuna aliyekumbuka kilikokwenda. Kwa jina la binti mwenyewe: sifuri. Hakuna kiwanja, hakuna akiba, hakuna hata mbuzi.

Tusidanganyane, feza ile ilifanya kazi. Mdogo wake mmoja amepata diploma ya serikali. Mama yake yuko hai. Katika mwaka ambao wengi wetu tulikula mara moja kwa siku, nyumba ile ilikula mara mbili. Mtu akisema feza ya ng'ambo ni ya bure au ni ya laana, hajalala na mtoto mwenye njaa. Katika mtaa wetu ukiona mtoto anaingia shule mwezi wa kwanza bila kufukuzwa kwa deni, mara nyingi kuna dada yake anayesimama mahali fulani akisuka, akifua au akiuza. Na muuza duka wetu naye anaishi kwa feza hiyo, na mwalimu, na fundi aliyepigilia mabati. Feza ya mtu mmoja aliyevuka inapita mikono mingi kabla ya kutulia.

Lakini tulipomwomba binti atuambie upande wake wa kaye, tulinyamaza.

Mwezi mzuri alipata kama kwacha 1,900 baada ya kugawana na mwenye saluni. Alituma 900. Chumba kililipwa 450. Zilibaki 550 kwa chakula, sabuni, simu na usafiri wa mwezi mzima. Katikati ya 2022 dola moja ilikuwa karibu kwacha 17, kwa hiyo aliishi kwa kama dola moja kwa siku. Sisi tulidhani anaishi vizuri kwa sababu sauti yake katika simu ilikuwa ya kucheka.

Ukaja mwaka wa 2024. Mvua zilikosekana Zambia, mahindi yakakauka mashambani, na mwisho wa Februari serikali yao ikatangaza kwamba ukame ule ni janga la taifa. Maji ya Kariba yalipungua, na umeme wao mwingi unatoka katika maji. Kule Kitwe saluni ilipata umeme masaa machache tu kwa siku, mara nyingine usiku wa manane wakati hakuna mteja. Na wateja wenyewe walipunguza kusuka, kwa sababu mtu ambaye bei ya unga imempanda hatafuti nywele mpya. Binti akawa anapata 1,100 kwa mwezi.

Alituma 900.

Alizitoa wapi? Alikopa katika chilimba ya wanawake wa kule, akilipa deni la mwezi huu kwa deni la mwezi ujao. Na sisi hapa tulifanya nini? Tulinung'unika. Kwacha ilikuwa imeshuka thamani, na mwisho wa 2024 dola moja ilikuwa karibu kwacha 27. Zile kwacha 900 ambazo katikati ya 2022 zilitupa kama dola 53, sasa zilitupa kama 33. Yeye alituma kiasi kile kile, sisi tulipokea kidogo. Na wakati huo huo unga hapa Lubumbashi ulipanda, kwa sababu sehemu kubwa ya unga wetu unatoka kule kule kulikokauka. Ukame mmoja ulitupiga mara mbili: ulipunguza feza iliyokuja, ukapandisha bei ya kile ambacho feza ile ilipaswa kununua.

Hatukuelewa hesabu hiyo. Tulisema binti amebadilika. Mmoja wetu, na yuko hapa anaposomewa maneno haya, alisema: "Amepata bwana kule, ndiye anayekula feza." Mama yake akampigia simu usiku akamwambia maneno ambayo hatutayaandika. Binti hakujitetea. Mwezi uliofuata alituma 1,000.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tulikuwa tunawaambia watoto wetu methali hiyo ili wafanye kazi kwa bidii. Hatukuona kwamba katika nyumba zetu methali imegawanyika: mmoja alichuma juani, na wengine ndio waliokula kivulini.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa rahisi. Tungesema wamama ni wakosefu, basi. Lakini mama wa binti naye alisimama, akafuta uso kwa kikwembe chake, akasema: "Mnahesabu kwacha. Hesabuni na hii. Alipoondoka aliniachia mtoto wa miaka miwili. Nimemwogesha, nimemlisha, nimekesha naye akiwa na malaria. Niliacha kuuza sombe sokoni kwa sababu hakuna wa kubaki naye. Miaka minne. Hiyo iko ukurasa gani wa kaye?"

Alisema kweli. Haikuwa katika ukurasa wowote. Na huyo mtoto, mama yake aliporudi, alijificha nyuma ya kambo wake. Kambo ndiye anayemwita "mama". Aliyemzaa alimwita "yaya", kama wengine wa lupangu walivyomwita. Binti hakulia mbele yetu. Alisema tu: "Ni sawa, sisi ni wageni kwanza."

Tuliona basi kwamba wawili hawa wote wamefanya kazi, mmoja kule na mmoja hapa, na wote wawili hawana kitu mkononi. Kazi ya kule ilihesabiwa, lakini hakuna aliyeitunza. Kazi ya hapa haikuhesabiwa kabisa. Wanapozungumza redioni juu ya watu wanaovuka mipaka kutafuta kazi, wanazungumza juu ya feza inayoingia. Hawasemi kwamba ili msichana mmoja asuke Kitwe, lazima mwanamke mwingine aache soko lake Katuba. Feza inayotumwa ni mshahara wa wanawake wawili, na mara nyingi haitoshi hata mmoja.

Mzee wetu katika likelemba, ambaye amezika mume na watoto wawili na hasemi sana, ndiye aliyefungua njia. Alisema: "Kosa si la aliyeomba wala la aliyekula. Kosa ni kwamba hamkuketi kabla ya safari. Mnakaa siku tatu kupanga mahari, lakini mtoto akienda nchi nyingine mnampa nauli na baraka, basi. Feza isiyopangwa ni ya yule anayelia kwa nguvu."

Kwa hiyo tulipanga. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na tunayaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuyajaribu.

Kwanza, karatasi kabla ya nauli. Likelemba yetu inaweza kutanguliza zamu ya mama ambaye mtoto wake anasafiri, lakini sehemu ya feza hiyo ni ya kutafuta karatasi zinazofaa na kuuliza masharti ya kazi. Safari ikichelewa miezi mitatu kwa ajili ya karatasi, ni afadhali kuliko miezi mitatu ya mshahara usiolipwa.

Pili, tunaketi. Anayeondoka, anayebaki na watoto, na shahidi mmoja kutoka kwetu. Tunaandika: nani atalea, ni kiasi gani kitatumwa mwezi mzuri, ni kiasi gani mwezi mbaya, na kwamba kuna mwezi ambao hakitatumwa kitu na hakuna atakayetukana mtu.

Tatu, feza ikifika inakatwa mara tatu. Sehemu moja ni ya nyumba: unga, minervali, kodi. Sehemu ya pili ni ya anayelea, ni yake mwenyewe, arudishe soko lake akitaka, na hakuna wa kumwuliza. Sehemu ya tatu ni ya aliyetuma. Inawekwa katika likelemba kwa jina lake, na inaandikwa katika kaye ambayo picha yake anatumiwa kwa simu kila mwisho wa mwezi.

Nne, tunaandika kwa fedha ya kule na kwa fedha ya hapa. Kila mama wa kundi letu sasa anauliza bei ya kwacha kabla ya kumshuku mtoto wake. Mwanzoni mwa 2013, kwacha mpya zilipotoka baada ya kuondolewa sifuri tatu, dola moja ilikuwa karibu kwacha 5. Ni vizuri kulijua hilo. Mtoto anaweza kufanya kazi ile ile, kwa bidii ile ile, na mkono wako ukapokea kidogo, bila yeye kuwa na kosa lolote.

Tano, mtoto mdogo aliyebaki anaonyeshwa uso wa mama yake kwa simu kila Jumapili, na anafundishwa kumwita mama.

Imepita zaidi ya mwaka sasa. Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu kimenyooka. Kati ya nyumba saba, tano zinafuata. Mmoja wetu alikataa, akasema mtoto wake si benki na yeye si mwizi. Tunamheshimu, bado anakaa nasi, na zamu yake ikifika anabeba kama wengine. Mwingine mume wake yuko Chingola na hajatuma kitu tangu mwaka juzi wala hapokei simu. Kwa huyo kaye haina la kugawa. Tunamchangia unga, na tumejifunza kutomwuliza mbele ya watu kama kuna habari. Na ile sehemu ya tatu, mara mbili nyumba moja iliigusa kwa ajili ya msiba. Waliandika na wanaendelea kurudisha.

Binti wa mwenzetu? Tulifanya jambo ambalo katika miaka tisa hatukuwahi kulifanya. Zamu ya mama yake ilipofika, mama mwenyewe alisimama akasema: "Itoeni kwa jina la mtoto." Kwa feza ile binti alinunua viti viwili, kioo na mashine mpya ya kukaushia. Anasukia wateja kando ya barabara, karibu na kituo cha basi. Anapata kidogo kuliko alivyopata Kitwe katika mwezi mzuri, na anasema wazi kwamba akipata karatasi za kazi anaweza kurudi kule. Mama yake hamzuii. Amerudi sokoni na sombe zake, asubuhi tu, na mchana wanapokezana mtoto.

Mtoto bado anamwita kambo "mama". Aliyemzaa sasa anamwita "mama wa saluni". Tunacheka, na yeye anacheka, lakini tunajua ni deni ambalo halilipwi kwa kwacha wala kwa franka.

Wamama wenzetu, wengi wenu mtaisoma karatasi hii jioni, na kesho au keshokutwa simu italia kutoka ng'ambo. Kabla ya kuuliza "umetuma?", uliza "umekula?" Kisha chukua kaye, hata ile kuukuu ya shule, na juu ya ukurasa mweupe andika jina la aliyetuma. Chini yake andika jina la anayelea. Halafu ndipo uandike unga.

Jumamosi saa tisa tuko chini ya mwembe kama kawaida. Anayetaka kuona namna tunavyogawa, aje na kaye yake.